Maziko ya Bwana Njaa — Sehemu ya Tatu: Jeneza Mlangoni pa Duka

"TANZIA. Kwa majonzi yasiyopimika, wakazi wote wa Junda, Bombolulu, Utange na vitongoji vyake wanatangaziwa msiba mzito uliotokea alfajiri ya leo nyumbani kwa Bi Sheikha, mwenye duka. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Maziko ni leo baada ya sala ya alasiri. Jirani mwema haulizi, huja."

Hilo ndilo tangazo lililoitikisa Junda. Wapo waliosema limeandikwa na mtu mzima mwenye elimu yake, kwa jinsi lilivyonyooka. Wapo walioapa kuwa ni mkono wa wakili.

Liliandikwa chooni. Mwandishi alikuwa na miaka kumi na sita, suruali iko magotini, na simu aliyoishika haikuwa yake.

Msomaji uliyejiunga nasi leo, sogea nikupashe upesi, maana juma lililopita tuliacha jeneza likikata kona na wabebaji hawana subira.

Bi Sheikha ana duka Junda. Miaka thelathini na minane ameuza unga, viungo, ubani na mafuta ya kupima, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika kuwa kibaba kilipunjwa. Kisha Bwana Kamau, mtu wa bara, akafungua supamaketi ng'ambo ya barabara, yenye mlango wa kioo na friji tatu. Wateja wakavuka. Bi Sheikha akajiwekea ahadi: mwaka ukiisha hawajarudi, anafunga, anahamia Utange kwenye chumba cha nyuma cha bintiye, akafie huko akisikiliza televisheni ya watu.

Mjukuu wake Zuhair alikuwa likizoni mwezi huo wa Agosti, katoka shule ya bweni. Kijana mrefu, mtanashati, mwerevu kupita umri wake. (Maelezo haya yashike, msomaji. Tutayarudia.) Akajitangaza kuwa Mkurugenzi wa Hafla na kuahidi kuwarudisha wateja kwa shughuli za mtaani zisizo na gharama.

Hafla ya kwanza ilikuwa shindano la dhumna barazani. Walikuja wazee wanne, wakacheza tangu adhuhuri hadi magharibi, wakanunua peremende moja na kuitafuna kwa zamu. Ya pili ilikuwa kisomo cha hadithi kwa watoto. Walikuja watoto thelathini, wakasikiliza kwa adabu, wakaondoka na ndizi za dukani.

Ya tatu ilikuwa Jumamosi: kahawa na kaimati za bure baada ya alasiri. Lakini Zuhair alikwisha gundua siri. Matangazo ya biashara katika kundi la WhatsApp la majirani hakuna ayasomaye. Tanzia husomwa na kila mtu, hata aliye kwenye foleni ya feri.

Basi asubuhi hiyo, Bi Sheikha alipovuka feri kwenda Likoni kumtazama dada yake mgonjwa na kuiacha simu kwenye chaji, Zuhair akaichukua. Akaandika tanzia. Chini yake akaacha mistari ishirini mitupu, na chini kabisa, pale mtu asipofika bila kubonyeza 'soma zaidi', ndipo akaandika kichekesho chake.

Hakuna aliyebonyeza. Watu wa Pwani hawangoji ufafanuzi wa msiba. Maiti wa Kiislamu hazikwi kesho. Bi Mwanatabu wa nyumba ya pili aliutazama mlango wa duka, akauona umefungwa kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Akajirekodi kwa kilio na kuituma sauti hiyo kwa wanawake wa mtaa wote: Bi Sheikha hatunaye.

Saa nane mchana, Zuhair alikuwa barazani akikaanga kaimati za hafla yake. Akainua macho. Wanaume wanne wa kanzu walikuwa wanakuja na jeneza la msikiti mabegani.

Hapo ndipo tulipoachana.

"Mwanangu," alisema Bi Mwanatabu, akamvaa shingoni kabla ya jeneza kufika. "Mwanangu, mwanangu."

"Shikamoo, Bi Mwanatabu. Kuna jambo nataka kueleza."

"Usinieleze, baba. Ukieleza utalia, ukilia mimi nitaanguka, na mimi nina presha." Akaliona karai. "Na haya ni nini?"

"Kaimati."

Bi Mwanatabu aliwageukia wanawake waliokuwa wakiingia na mikeka kwapani. "Mwaona? Nyanyake hata kuoshwa hajaoshwa, mtoto amekaa anakaanga kaimati. Huzuni imempanda kichwani. Mpokonyeni mwiko huo polepole, msimshitue."

Wakampokonya mwiko polepole.

Jeneza likashushwa, likaegemezwa ukutani kando ya mlango wa duka, na shuka yake ya kijani juu. Sheikh Yeslam, imamu wa msikiti wa mtaa, akamshika Zuhair mkono wa kulia kwa mikono yake miwili.

"Mungu akupe subira. Mayiti yuko chumba gani?"

"Hakuna mayiti, Sheikh."

"Wameshamchukua?"

"Nani?"

"Nyanyako."

"Nyanya yuko Likoni," alisema Zuhair, na hili lilikuwa neno la kwanza la kweli alilolitamka tangu asubuhi.

Sheikh Yeslam akafumba macho. "Kafia Likoni," akasema. Akawageukia wanaume. "Jamani, kafia Likoni, kwa dada yake. Tafuteni gari. Na mtu ampigie Mzee Nguma asiache kuchimba, tutachelewa kidogo tu."

"Kuchimba nini?" aliuliza Zuhair.

Sheikh alimtazama kwa huruma iliyomwingia Zuhair kama mwiba. "Yuko makaburini tangu saa sita, mwanangu. Ubavuni mwa babu yako. Amekataa kusaidiwa."

Hapa msomaji utauliza, na una haki: kwa nini hakusema? Aibu ina tabia hii. Dakika ya kwanza ingemgharimu neno moja. Dakika ya kumi ikataka maelezo. Nusu saa baadaye, mikeka imetandikwa, maji ya kuosha yamechotwa, vijana wawili wanagombea nani aendeshe gari la kuvukia feri. Sasa ilitaka hotuba, na Zuhair, bingwa wa midahalo wa kidato cha tatu, hakuwa na hotuba.

Akajiambia atasema watu wakipungua. Watu wakazidi.

Wakaja na sufuria za pilau. Wakaja na mchele, unga, majani ya chai. Hasa wakaja na sukari. Kila mtu na pakiti zake mbili, mpaka rundo likafika dirishani. Na kila pakiti, Zuhair aliona, ilikuwa na karatasi ndogo ya bei ya supamaketi ya ng'ambo.

Akatokea Bwana Kamau mwenyewe, jasho linamtoka, anasukuma mkokoteni wa viti vya plastiki.

"Kijana, pole," alisema. "Mimi hata sijui nyinyi huku hufanya aje, ikabidi niulize. Nimeleta viti hamsini na gunia moja la sukari. Duka nimefunga."

"Umefunga?"

"Kwetu mama kama huyu akienda, mtu hauzi." Akapangusa uso kwa kofia. "Na acha nikwambie ukweli, maana inanikaa vibaya. Tangu saa sita watu wanajaa kwangu kununua vitu vya kuleta hapa. Leo nimeuza kushinda Idi. Nilisimama pale kwa kaunta nikajiona kama mtu anayekula matanga ya jirani. Ndiyo nikafunga."

Akaanza kupanga viti. Alivipanga vizuri, safu kwa safu, akiacha njia katikati.

Hiyo ndiyo hesabu ya kazi ya Mkurugenzi wa Hafla: kwa tangazo moja aliijaza supamaketi, na duka la nyanyake halikuuza hata kiberiti.

Saa tisa na robo, tuktuk ikasimama penye kona.

Akashuka Bi Sheikha, buibui jeusi, kikapu mkononi chenye samaki wawili aliopewa na dada yake. Akamlipa dereva. Akageuka.

Akaviona viti. Akaiona mikeka, na wanawake waliojifunika leso, na shuka ya kijani ukutani pake.

Bi Sheikha aliacha mtu mmoja tu katika nyumba ile.

Kikapu kikaanguka. Kiatu kimoja kikabaki barabarani. Bi Sheikha ana miaka sabini na miwili na goti lililofanyiwa upasuaji, na alikuja akikimbia. Hakuwauliza watu chochote. Walimwona, wakaachana kama nguo iliyochanwa. Mwanamke mmoja akapiga ukemi, Bi Mwanatabu akalala kwenye mkeka chali. Marehemu aliwapita wote bila kuwatazama. Akalifikia jeneza na kuivuta shuka kwa mikono miwili.

Tupu.

"Yu wapi?" alisema. "Yu wapi mtoto wangu?"

"Nyanya," alisema Zuhair nyuma yake.

Akageuka. Akamshika uso. Akampapasa mashavu, masikio, shingo, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

"U mzima?"

"Ni mzima, Nyanya."

"U mzima wewe?"

"Ni mzima."

Akaketi. Si kwenye kiti, ingawa viti vilikuwa hamsini. Aliketi chini, kwenye vumbi, mguu mmoja peku, akavuta pumzi kwa sauti ambayo Zuhair hakuwahi kuisikia kwake, na ambayo angetoa meno yote ya mbele ili asiisikie tena.

Kisha Bi Mwanatabu akainua kichwa mkekani. "Kumbe yu hai," akasema, na wanawake wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja, wakambusu Bi Sheikha mikono, wakamletea maji, wakamtafutia kiatu.

"Alhamdulillahi," alisema Sheikh Yeslam. "Alhamdulillahi kabisa. Sasa, jamani, nani aliyefariki?"

Hakuna aliyejua.

Sheikh akatoa simu kanzuni, akavaa miwani. Akalisoma tangazo kwa midomo. Akabonyeza. Kidole kikapanda, kikapanda tena, mistari ishirini mitupu ikapita, na Zuhair akakitazama kidole hicho kama panya anavyomtazama paka.

Sheikh akasoma kwa sauti.

"'Marehemu ni Bwana Njaa bin Ukata, mkazi wa matumbo ya Junda. Ameuawa kwa kaimati. Atazikwa kwa kahawa ya bure dukani kwa Bi Sheikha, penye bei nafuu na vipimo vya haki. Waombolezaji waje na tumbo tupu na kikapu kitupu.'"

Kule chooni asubuhi, katika mawazo ya Zuhair, hapa ndipo watu walipokuwa wacheke. Alikuwa hata amepanga jinsi ya kuinama kwa shukrani.

Hakuna aliyecheka. Kuku mmoja alikuwa anadonoa kaimati iliyoanguka.

"Limetumwa kwa namba ya Bi Sheikha," alisema Sheikh.

Macho yote yakamwendea bibi aliyeketi chini.

Ilikuwa nafasi. Zuhair aliijua kuwa ni nafasi, kama mtu anavyojua kuwa huu ndio mlango na humo ndimo mwa kupita. Akafungua kinywa.

"Nyanya hakuwa na simu," akasema. "Ilikuwa ndani, kwenye chaji. Mtu yeyote angeweza kuingia. Labda mtu asiyependa duka hili liendelee."

Hakulitaja jina. Alitazama tu. Alitazama safu za viti vilivyopangwa vizuri, kisha aliyevipanga, na kutazama kulitosha.

Vichwa vikageuka kimoja kimoja. Bwana Kamau alikuwa ameshika kiti, anampelekea mzee mmoja. Akabaki nacho hivyohivyo, miguu ya kiti ikielekea juu.

"Mimi?" alisema.

"Ndiye aliyeuza leo," ilisema sauti ya nyuma.

"Viti hamsini alivipata wapi upesi hivyo?" ilisema nyingine.

"Jamani, hata kuandika Kiswahili hivyo mimi siwezi," alisema Bwana Kamau, na ilikuwa kweli tupu, na hakuna aliyeisikiliza.

Bi Sheikha alikuwa anamtazama mjukuu wake. Alimtazama muda mrefu, kwa macho yaleyale anayopimia mafuta: hayazidi, hayapungui. Kisha akaweka mkono chini, akajiinua.

"Muacheni mtu wa watu," alisema. "Simu ni yangu. Neno lililotoka katika simu yangu ni langu. Asiulizwe mwingine."

"Bi Sheikha," alisema Sheikh Yeslam polepole, "jina la Mwenyezi Mungu umelitia katika tangazo la kaimati?"

Bi Sheikha akainamisha kichwa. "Niwie radhi, Sheikh. Niwieni radhi nyote."

Mwanamke aliyeinua kichwa juu kuliko wote wa Junda, ambaye hata deni la dukani alikuwa akilidai kwa heshima mpaka mdaiwa anamshukuru, alisimama mbele ya mlango wake, mguu mmoja na kiatu na mwingine bila, akaomba radhi.

Bi Mwanatabu alikunja mkeka wake. "Nimekulilia mimi," alisema. "Nimekulilia mpaka koo limekauka, nikawaambia watu hakuna kama wewe. Kumbe ulikuwa watuuzia." Akaondoka bila kuaga.

Wakafuata wengine. Sufuria za pilau zikabebwa vichwani. Sukari waliiacha, maana sukari ya msibani hairudishwi nyumbani. Bwana Kamau alikusanya viti vyake, kimoja juu ya kingine, na alipopita mbele ya Zuhair hakumtazama. Wanaume wanne waliinua jeneza. Lilionekana zito zaidi likiondoka kuliko lilipokuja.

Walipokuwa wanakata kona, walipishana na Mzee Nguma, wakapita wakiangalia chini.

Mzee Nguma ndiye mchimba makaburi wa mtaa. Alikuja na koleo begani, udongo mwekundu mpaka mapajani, mkono mwingine umekamata kiuno. Hakuwa amesikia lolote.

"Tayari," alisema. "Mwambieni Sheikh kaburi tayari." Halafu akamwona aliyesimama mlangoni. Koleo likashuka.

"Nguma," alisema Bi Sheikha.

"Bi."

"Waniambia umenichimbia."

"Nimekuchimbia, Bi."

"Urefu ulipima vipi na mimi sipo?"

"Kwa kukukisia. Nilikuwa nakukumbuka ukiwa umesimama kwenye kaunta."

"Kwenye kaunta nasimamia kijibao. Umenizidishia."

Mzee Nguma akafikiri. "Basi ungelala kwa nafasi," akasema. Kisha uso wake wote ukakunjamana, akaketi barazani na kulia kama mtoto, udongo ukimtiririka mashavuni. "Alhamdulillahi," alikuwa akisema. "Alhamdulillahi, Bi. Kazi bure tamu kama hii sijawahi kuifanya."

Hakumkasirikia mtu. Aliomba maji ya kunywa, akayanywa, akasema atarudi kesho kulifukia, maana leo kiuno kimekataa. Na hilo, kati ya yote yaliyotokea mchana ule, ndilo lililomvunja Zuhair.

Ndipo Zuhair akasimama. Akapanda juu ya kreti la soda, akawaita waliokuwa wakiondoka kwa sauti iliyofika hadi Bombolulu. "Rudini," akasema. "Mwenye kosa ni mimi. Nyanya hana hatia, wala Bwana Kamau hana. Nipigeni mimi." Watu wakageuka. Sheikh Yeslam akafuta machozi. Bwana Kamau akatua viti, akamkumbatia, akasema hajaona kijana jasiri kama huyu tangu

Hapa naomba radhi kwa msomaji.

Sehemu hii nilikwisha kuiandika yote hivyo, mpaka mwisho, na ilikuwa na makumbatio matatu. Juzi nilimsomea nyanya yangu kabla ya kuipeleka kwa mhariri. Yeye herufi hizi za Kizungu hazimkai machoni, hivyo mimi humsomea kila sehemu, na kwa sehemu mbili zilizopita alisikiliza huku akichambua mchele, hakusema neno.

Safari hii aliuweka ungo chini.

"Huyo kijana wa hadithi yako ni hodari sana," alisema. "Mrefu, mtanashati, halafu hodari. Mimi wangu alijifungia chooni."

Nikaanza kukunja karatasi zangu.

"Saa mbili nzima," alisema. "Nilikuwa nahesabu. Mzee Nguma alitaka kujisaidia kabla ya kwenda zake, akabisha hodi, hukujibu, akaenda msikitini na kiuno chake kile."

"Nyanya, ulijua?"

"Nilijua nini? 'Vipimo vya haki.' Nani mwingine ananisikia nikisema vipimo vya haki kila asubuhi?" Akauchukua ungo tena. "Nilingoja useme. Nilisema leo atasema. Nikasema Ijumaa atasema. Ukarudi shule hujasema. Umerudi likizo, watu wanapita mlangoni hawaniitikii salamu, wewe umekaa hapo waandika hadithi. Nikasema, haya, labda atasema humo. Kumbe humo ndimo utakamokuwa shujaa."

Sina la kujitetea. Majina yote ya hadithi hii niliyaacha yalivyo: la Sheikh, la Bi Mwanatabu, la Bwana Kamau, la Mzee Nguma. Sikujali nani ataonekana vipi. Jina moja tu ndilo nililolibadilisha.

Zuhair hakuna. Bi Sheikha ana mjukuu mmoja, anaitwa Safwan, si mrefu, na utanashati aulizwe mwingine. Ndiye mimi.

Tangazo niliandika mimi. Jina la Mungu nililitia mimi, Sheikh, na mistari ishirini niliihesabu kwa kidole nikicheka peke yangu. Bwana Kamau, nilikutazama nikijua. Ulikuwa umebeba kiti cha mzee. Mzee Nguma, nilikusikia ukibisha hodi. Nilikuwa nimekaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, nimeziba masikio, na bado nilikusikia. Kesho yake ulilifukia kaburi peke yako na mimi nilikuwa kitandani, nimejifunika gubigubi, nikisema nina homa.

Na Nyanya alisema uongo mmoja tu mchana ule, nao si uongo ukiutazama vizuri: neno lililotoka katika simu yake aliliita lake. Kwa ajili ya neno hilo, miezi minne sasa, asiyepunja kibaba ndiye anayeonekana amewapunja majirani zake machozi. Rundo la sukari liko palepale chini ya dirisha. Amekataa kuiuza. Husema ni ya msiba, na msiba haujaisha.

Mwaka umebakiza wiki tatu. Bintiye amekwisha kukipaka rangi kile chumba cha Utange. Ni ya samawati, na Nyanya haipendi samawati.

Nilimwambia nitakwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Akasema, "Hukwenda nyumba kwa nyumba kunitangaza nimekufa. Ulitangaza kwa wote mara moja. Tangaza hivyohivyo." Ndiyo sababu msomaji unasoma haya badala ya makumbatio matatu.

Akaongeza moja. Gazeti hili Junda linauzwa mahali pamoja tu, kaunta ya Bwana Kamau, karibu na mlango wa kioo. Jumapili saa mbili asubuhi natakiwa nivuke barabara, nilinunue kwake kwa mkono wangu, nimfungulie ukurasa huu, na nisimame hapo mbele yake mpaka amalize kusoma.

"Akisoma polepole je?" nilimuuliza.

"Utasimama polepole," alisema Nyanya.

Kwa hivyo, Bwana Kamau, kama umefika mstari huu, inua macho. Ndiye mimi huyu niliyesimama mbele yako. Mlango wa choo chako sijauangalia uko wapi, na Nyanya amekaa barazani ng'ambo, anatutazama.